Siku Nne Kukizunguka Kisiwa cha Lamu, na Hema Lililolala Stoo Miaka Minane

Jioni ya kuamkia safari, mtaa wa Langoni, mjini Lamu

Mwezi una siku kumi na tatu leo. Nimeichagua wiki hii kwa ajili ya bamvua, zile siku za mwezi ambazo bahari hujaa na kupwa kupita kawaida. Siku za bamvua maji huku kwetu hupwa kabisa kati ya saa nne na saa tano asubuhi, na ufuo wa Shela wenye kilomita 12 hubaki mtupu, mchanga umelowa na kushikana kama sakafu ya chokaa. Ukienda maji yakiwa yamejaa, bahari inakusukuma juu kwenye mchanga mkavu, mguu unazama hadi kifundoni, na kilomita moja inakuchosha kama tatu. Watu hutumia fedha nyingi kununua viatu vya safari kabla hawajauliza maji yatapwa saa ngapi.

Mpwa wangu ana miaka 16, amefunga shule, na amekuja na orodha ndefu daftarini. Nimeikata nusu. Tumebishania mfuko wa kulalia.

"Mjomba, si ulisema tutalala nje?"

"Nje ya Lamu, mwanangu. Mfuko huu ulinifaa Mlima Kenya."

Ni kweli ulinifaa. Mwaka 2016 nilipanda mlima huo hadi kilele cha Point Lenana, mita 4,985, na maji yaliganda ndani ya chupa. Hapa mwezi wa Agosti usiku wenyewe ni wa kutoa shati. Kila mmoja anabeba vikoi viwili, kimoja cha kutandika na kimoja cha kujifunika, na mkeka mmoja wa kugawana. Mfuko umebaki nyumbani, na kilo mbili zimepungua.

Maji ndiyo uzito usiokatwa. Lita moja ni kilo moja, na kwa mwendo wa juani nahesabu lita nne kwa mtu kwa siku, moja ya akiba. Kwa hiyo kila shanta, yaani mfuko wa mgongoni, lina lita tano kabla halijaingia kitu kingine. Kijana ana kilo 55. Kanuni ninayoifuata ni mzigo usiozidi moja ya tano ya uzito wa mtu, yaani kilo 11 kwake. Tumepima kwa mizani ya duka la jirani: kumi na nusu. Langu lina 14.

Vifaa vyote ni vya safari ile ya 2016. Tangu nishuke mlimani vilikaa chini ya ngazi, vimefungwa kama nilivyovifunga siku ile, na leo ndiyo mara ya kwanza nimevifungua. Hema linanuka uchachu na sakafu yake inanata kidogo vidoleni. Nimejiambia ni harufu ya stoo, nikalikunja tena. Nimeiandika sentensi hii ili nisije nikajifanya sikuona.

Siku ya kwanza: Lamu hadi mwisho wa ufuo

Tumetoka baada ya swala ya alfajiri, tukafuata njia ya pwani kuelekea Shela. Kabla hatujaupita mji, mzee mmoja aliyekuwa akipakia mchanga juu ya punda alimtazama mpwa wangu kwa muda.

"Mwalimu, mbona shogi ya kijana imelalia nyuma? Punda angegoma."

Shogi ni mfuko wa mizigo wa punda, na mzee alikuwa na haki. Kijana alitia vyakula vya makopo na chupa za maji chini kabisa na mfuko wa nje, nguo zikakaa mgongoni. Shanta likawa linamvuta nyuma na yeye anainama mbele kulipinga. Tulisimama kwenye baraza tukapanga upya: vikoi chini, maji na makopo katikati, yakigusa mgongo kabisa, na vyepesi juu na nje. Kisha tukafunga mkanda wa kiunoni kwanza. Mkanda huu wengi huuacha ukining'inia, na ndio unaobeba. Ukae juu ya mifupa ya nyonga, usiwe tumboni. Ukaze mpaka mabega yahisi nafuu, ndipo uvute mikanda ya mabega, kidogo tu, na mwisho ile midogo ya juu inayolivuta shanta likaribie mgongo. Mpwa wangu akaruka mara mbili papo hapo. "Limepungua!" Uzito ulikuwa uleule, ila umehama kutoka mabegani kwenda miguuni.

Shela tulikunywa chai na mahamri karibu na msikiti wa Mnarani, uliojengwa 1829, na kuanzia hapo nyumba zikaisha. Upande wa kushoto bahari, upande wa kulia vilima vya mchanga. Nilimwonya kijana asipande vilima hivyo wala kujisaidia huko, kwa kuwa mvua inayonyesha juu yake huzama mchangani, na ndiyo maji tamu yanayonywewa na mji wa Lamu. Wengi wanaopiga picha pale hawajui kwamba wamesimama juu ya birika letu.

Kusi, ule upepo wa kusini, lilikuwa likivuma kwa nguvu na mchanga ukikimbia chinichini kama moshi. Kwenye kilomita ya nne hivi nilihisi mguu wa kulia umekuwa mfupi kuliko wa kushoto. Nilipogeuka niliiona soli yangu imelala nyuma, hatua kumi. Kabla sijaiokota, ya kushoto nayo ikaachia.

Ningependa kila mwenye viatu vya mlima kabatini asome hapa. Viatu vile havikuwa vimechakaa. Nilivivaa siku sita tu maishani mwake, meno ya soli yalikuwa mapya. Kilichokufa ni tabaka la katikati, lile povu laini la plastiki iitwayo poliyuretheni. Unyevu wa hewani huivunja polepole, na joto huharakisha, na kiatu kinachokaa tu huharibika sawa na kinachotembea, pengine zaidi. Lamu ina unyevu na joto mwaka mzima. Povu lilikuwa limegeuka unga. Nilipolibonyeza lilivunjika kama biskuti. Gundi haisaidii, haina pa kushika. Nyumbani ningelibonyeza kwa kidole gumba na kuona mikunjo na nyufa. Sikubonyeza.

Nilikuwa na makubadhi yangu shantani, nikaendelea nayo, na palipokuwa na mchanga mgumu nikaenda peku. Hatukutupa viatu vile pale. Tulivifunga kwa kamba nyuma ya shanta na vikarudi mjini pamoja nasi.

Kijana naye alianza kuchechemea. Mchanga uliolowa uliingia katika soksi. Nilimketisha hapohapo ingawa alisema anaweza kufika. Lengelenge huanza kwa joto dogo kwenye ngozi, na huo ndio wakati wa kusimama. Tulikung'uta soksi, tukakausha mguu, tukabandika plasta ya kitambaa juu ya sehemu nyekundu, bila mikunjo. Dakika tano. Hakuchechemea tena.

Mahali pa kulala tulikuwa tumepaombea ruhusa kwa simu kwa mzee wa Kipungani tangu juzi. Lamu ni vizuri watu wajue uko wapi, na ardhi ina wenyewe hata kama huoni ua. Tulitafuta mstari wa mwani mkavu ulioachwa na maji ya jana, tukapanda juu yake hatua thelathini, maana usiku wa leo maji yatapanda kuliko ya jana. Palikuwa na minazi yenye kivuli kizuri, nikaikataa. Nazi ikidondoka haichagui.

Kusimamisha hema ilituchukua saa nzima. Kwanza nguzo. Ule mpira wa ndani unaounganisha vipande ulikuwa umelegea kabisa, vipande vikawa vinachomoka. Dawa ya hapo ni moja: usivute nguzo ndani ya njia yake ya kitambaa, isukume, ukishikilia kiungo kwa mkono wa pili. Kisha vigingi. Vigingi vyembamba vya chuma nilivyopewa na hema vilitengenezewa udongo. Mchangani vilitoka kama sindano kwenye siagi, upepo wa kwanza tu. Hapa nilikuwa nimejiandaa. Nilishona vifuko vinane vya kitambaa cha gunia, kila kimoja cha ukubwa wa sahani. Unakijaza mchanga, unakifunga kwa kamba ya hema, unachimba hadi kiwiko, unakizika na kukanyagia. Kukivuta kunahitaji mtu mzima mwenye hasira. Ukikosa vifuko, gogo dogo likizikwa kwa kulazwa linafanya kazi hiyohiyo. Upande mwembamba wa hema tuliuelekeza kusi, mlango kisogoni mwa upepo.

Jiko la gesi lilitaka kugoma kwa upepo, na kijana akashauri tulipikie ndani ya hema. Nilikataa kwa ukali ambao nadhani alishangaa. Moto ndani ya hema lililofungwa hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu wala rangi. Mtu husinzia na haamki. Tuliyapanga mashanta mawili kama ukuta upande wa kusi, umbali wa mkono, upande wa pili wazi. Usilizungushie jiko kizuizi pande zote pamoja na mtungi wake, maana joto likinaswa pale mtungi unaweza kupasuka. Wali ulichelewa, lakini uliiva.

Taa za kichwani tulizitumia kwa mwanga mwekundu, kisha tukazima. Kasa hutaga kwenye fukwe hizi, na taa nyeupe huwapoteza, wakubwa na watoto wao. Mwezi ulitosha.

Usiku wa saa tisa ilinyesha mvua ya kupita, robo saa hivi. Iliingia. Ile harufu ya uchachu, ule mnato, ulikuwa utando wa kuzuia maji uliokuwa ukioza, ugonjwa uleule wa viatu. Sasa unabanduka kama ngozi iliyoungua jua. Tulikaa tumekunja magoti katikati ya mkeka, tukisikia bahari inakaribia. Saa kumi ilifika mwisho wake. Asubuhi nilipima: hatua kumi na mbili kutoka mlangoni.

Siku ya pili: Kipungani na Matondoni

Hema hatukulikunja likiwa limelowa. Tulilishika kila mtu upande wake kama wavuvi na jarife, upepo ukalikausha kwa dakika ishirini. Jua pia lingelikausha, lakini jua la pwani hula nailoni. Hema likiachwa juani muda mrefu huchanika kwa urahisi.

Kipungani tulipokewa na mama mmoja aliyekuwa akisuka ukili barazani. Tulipomwamkia alituuliza kwanza kama tumelala, ndipo akatuuliza tunakwenda wapi. Alitupa maji ya jabia, yale ya mvua yanayokusanywa kwenye birika la saruji. Nikatoa kichujio changu cha mlimani, kile chenye nyuzi nyembamba zenye matundu yasiyoonekana. Hakikupitisha tone. Kilikaushwa vibaya miaka minane iliyopita, uchafu ukagandia ndani. Kichujio cha aina hiyo husafishwa kwa kusukuma maji safi kinyumenyume, hukaushwa kabisa ndipo kihifadhiwe, na mlimani hakiachwi kigande usiku, maana barafu hupasua nyuzi na wewe hutaona. Tena hakiondoi chumvi. Maji ya kisima yenye munyu yatatoka na munyu wake.

Mama akasema, "Mwanangu, si kuni zipo?" Tukachemsha. Maji yakishatokota dakika moja yanatosha kwa usawa wa bahari. Kijana alikuwa na kichwa kinachomuuma kwa jasho la jana, nikamtengenezea lita moja ya maji hayo yakiwa yamepoa: sukari vijiko sita vidogo, chumvi nusu kijiko kidogo. Baada ya saa moja alikuwa anaimba.

Kuondoka Kipungani njia inaacha bahari, maana upande huo ufuo ni wa mikoko na tope, na mtu mwenye mzigo hana la kufanya humo. Tulipita mashambani, minazi na miembe, mchanga laini. Zipu ya shanta la kijana ilikwama njiani na alitaka kuivuta kwa nguvu. Nikamzuia. Tulipulizia mchanga, tukapiga mswaki meno ya zipu, nikapaka mshumaa juu na chini. Ikaenda. Mafuta ya kupikia usipake, yanashika mchanga na kesho itakuwa mbaya zaidi.

Matondoni tulifika kabla ya alasiri. Kuna mashua mbili juu ya magogo ufukweni, na fundi alikuwa akitia kalafati, pamba iliyolowa mafuta, kwenye mwanya wa mbao, akiigonga taratibu kwa patasi butu. Nilimwonyesha soli zangu. Alizishika kwa muda mrefu kuliko nilivyotarajia, akazibonyeza, akanusa vidole.

"Hivi vilikaa bila kuvaliwa."

Nilimuuliza amejuaje.

"Chombo nacho ni vivyo. Kikikaa yuani bila mafuta, mbao hukauka, zikaachana. Chombo kinachokwenda baharini kila siku hukioni kikivuja hivyo." Akanionyesha mashua ya pili, mwenyewe yuko Mombasa, miaka mitatu haijashushwa. Kati ya mbao na mbao ungeweza kupitisha sarafu. "Hii haikupigwa na wimbi hata moja."

Kisha alieleza anavyofanya, na niliandika neno kwa neno nikijua ninaandika juu ya hema langu. Chombo kinapopandishwa, husuguliwa chaza na mwani siku ileile, kabla havijakauka. Ubavuni hupakwa sifa, yale mafuta ya papa yanayonuka mji mzima. Chini hupakwa shahamu na chokaa. Hufunikwa makuti kikiwa juu, na makuti hayo yaachie upepo upite. Halafu kila baada ya muda mtu huja kukitazama, hata kama hakuna safari.

Tulilala jirani na mashua zake, kwa ruhusa yake. Usiku ulikuwa mkavu, tukaliacha turubai la juu shantani na kusimamisha hema la ndani peke yake, lile la wavu. Hewa ikapita, mbu wakabaki nje. Juzi ndani ya lile turubai tulikuwa tunatokwa jasho. Maji mengine niliyodhani ni ya mvua yalikuwa pumzi zetu wenyewe zilizogeuka maji kwenye kitambaa.

Siku ya tatu: Matondoni hadi Lamu

Saa mbili za mwendo, njia ya punda. Hakuna la kusimulia zaidi ya kwamba shanta la kijana lilikuwa limekaa sawa na hakuligusa hata mara moja njia nzima. Alitangulia mbele.

Siku ya nne: nyumbani

Leo hatukwenda popote, lakini naihesabu ndani ya safari. Mlimani niliiruka siku hii. Nilifika nimechoka, nikasukuma kila kitu chini ya ngazi.

Tumejaza beseni mbili za maji tamu na kuosha chumvi. Nguzo za hema tumezifuta kipande kwa kipande, hasa kwenye viungo, maana chumvi huila alumini na kuigandisha. Mpira wa ndani nimeununua mpya, mita saba, na mpwa wangu ameupitisha mwenyewe. Kuanzia sasa tunakunja nguzo kutoka katikati kwenda nje, ili mpira usivutwe upande mmoja. Mashanta yameoshwa kwa sabuni ya mche kidogo na brashi laini, hayakutiwa katika mashine. Kila kitu kimeanikwa uani penye kivuli.

Mtungi wa gesi tumeuelesha ndani ya beseni. Mtungi uliojaa huzama zaidi, unaoishia huinuka na kuelea juu juu. Tumeweka alama kwa kalamu pale maji yalipofika, kwa kuulinganisha na mwingine ambao haujaguswa. Unatosha chai kumi hivi. Taa za kichwani tumezitoa betri, zisije zikavuja ndani.

Turubai la juu tumelisugua kwa sifongo, maji ya vuguvugu na sabuni, mpaka utando wote uliooza ukatoka, na limebaki kitambaa kitupu. Litafaa kivuli, mvua halitazuia tena. Kipande cha sakafu kilichokuwa kizima nimekikata kitengeneze vifuko vingine vinne vya mchanga. Wavu wa hema la ndani ni mzima na utaendelea. Turubai jipya nitaagiza mwezi ujao.

Hatukuvirudisha chini ya ngazi. Tumetundika hema kwenye misumari ya chumba cha juu penye dirisha, limelegezwa ndani ya mfuko wa pamba badala ya ule mdogo wa kubana. Mfuko wa kulalia nao tumeutoa kwenye kifuko chake. Miaka minane ya kubanwa imeufanya mwembamba upande mmoja, ila umeanza kufura.

Mpwa wangu amechukua soli zile mbili na kuzigongomelea ukutani karibu na hema. Chini yake ameandika kwa chaki tarehe ya leo, na tarehe ya miezi mitatu ijayo, na neno moja: "Bonyeza."